Kwa Nini Sisimizi Hufuata Mstari na Kusalimiana Njiani

Kuna wakati sisimizi hawakuujua mstari. Walitembea ovyo, kila mmoja na njia yake, kama ufuta uliomwagika sakafuni. Wakikutana walipishana bila neno, na mara nyingi waligongana, kwa sababu hakuna aliyemwachia mwenzake nafasi. Sisimizi aliweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka bila kumjua aliyelala naye shimo moja.

Bibi Nanzia, mama yake mama, alitueleza habari hizi tukiwa uani tunachambua mnavu, miguu tumeinyoosha na ungo uko katikati yetu. Alikuwa hainui macho kwenye mboga. Alisema na vidole vyake vikiendelea na kazi, nasi tukasikiliza na vyetu vikiendelea.

Wakati huo, alisema, sisimizi walishinda siku nzima juu ya mboga zenyewe. Walikuwa wafugaji. Mifugo yao walikuwa vidukari, wale wadudu wadogo laini wa kijani wanaojibana chini ya jani na kufyonza utomvu. Sisimizi waliwatoa vidukari kwenye jani kavu wakawapeleka kwenye jani bichi, kama sisi tunavyohamisha ng'ombe. Waliwafukuzia maadui. Na kila jioni waliwapapasa mgongoni kwa vipapasio vyao, taratibu, mpaka kidukari atoe tone la maji matamu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maziwa ya sisimizi, na waliyanywa mpaka matumbo yakang'aa.

Juu milimani Upareni, katika kijiji kilichoitwa Ighumbi, palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito, kisha likifunguliwa maji hushuka kwa mfereji kwenda kwenye mashamba, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Chini tu ya ndiva hiyo palikuwa na bustani ya mwanamke aliyeitwa Nakijwa, ambaye watu walimwita Mama Sekiete kwa jina la mwanawe. Alikuwa na matuta manne ya mnavu. Mtu akipita hapo na mgeni alisimama akamwonyesha matuta hayo, kama mwingine anavyoonyesha fahali wake.

Msimu mmoja, ulezi ukiwa umekwisha kupurwa, mkewe Sekiete, binti mpole aliyeitwa Nambike, alijifungua mtoto wake wa kwanza, msichana. Nyumba ilijaa furaha. Nakijwa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akawa anazungumza kwa kunong'ona siku kadhaa. Shemeji yake Kajiru, mdogo wa mumewe, alisema hajapata kuona utulivu wa namna hiyo tangu kaka yake aoe.

Lakini siku ya tatu ilipita, na ya nne, na maziwa ya Nambike hayakushuka. Mtoto alishika ziwa, akaachia, akalia, akashika tena. Alichopata kilikuwa matone. Jirani yao Naetwe, aliyekuwa na mtoto wa miezi sita, akajitolea kumnyonyesha. Asubuhi na jioni alikuja na kukaa kwenye kigoda, wake kulia na wa Nambike kushoto, akicheka kwamba amekuwa mbuzi. Ila Naetwe naye alikuwa na safari.

"Mama Sekiete," alimwambia Nakijwa, "mpaka siku ya soko nipo. Baada ya hapo lazima nishuke tambarare, mama yangu anaumwa na hana mwingine wa kumsaidia."

Siku ya soko ilikuwa siku saba mbele.

Kila mwanamke wa Ighumbi alijua kinacholeta maziwa. Ni mchuzi wa mnavu, vyungu vitatu kwa siku, uliochemshwa ukawa mweusi, na uji wa ulezi juu yake. Nakijwa alichukua kikapu akashuka bustanini akijisemea moyoni kwamba mwenye matuta manne hana la kuhofia.

Alipofika aliweka kikapu chini. Majani yalikuwa yamejikunja kama viganja vya mtoto mchanga. Chini ya kila jani vidukari walikuwa wamebanana, na juu yao sisimizi wakikimbia huku na huku bila mpango. Alichuma jani moja vidole vikanata. Alichuma la pili, sisimizi wakapanda mkono mpaka kwenye kiwiko, wakamng'ata kama mtu aliyekamatwa akikamua ng'ombe wa wenyewe.

Kajiru alikuja kuangalia, mikono nyuma.

"Maji ya moto tu, shemeji," alisema. "Nini hapa duniani kinastahimili maji ya moto?"

"Na mnavu unastahimili?" alinong'ona Nakijwa.

"Mnavu ni mboga. Mboga si hupikwa?"

Kabla shemeji yake hajapata sauti ya kumkataza, Kajiru alikuwa ameshaleta vyungu viwili vinavyofuka moshi, akamwaga kimoja kwenye tuta la kwanza na kingine kwenye la pili. Sisimizi waliingia mashimoni, wakangoja kidogo, wakatokea upande mwingine. Mnavu ndio uliopikwa. Kufikia adhuhuri matuta mawili yalikuwa yamelala chini, meusi na malegevu.

Kajiru aliinama akabonyeza jani moja. "Angalau umeiva," alisema.

Tuta la tatu Nakijwa aliliharibu mwenyewe, na Bibi Nanzia hakulificha hilo. Kwa hasira alichukua jembe akalifuata shimo la sisimizi hadi chini, akichimba na kuchimba, akitaka kufika nyumbani kwao. Hakufika. Alipoinua macho, miche ya mnavu ilikuwa imelala pande zote, mizizi juu, na sisimizi walikuwa wanawabeba vidukari wao mmoja mmoja kutoka kwenye mboga zilizokufa. Waliwapeleka wote kwenye tuta la nne.

Nakijwa alikaa kwenye ukingo wa mfereji. Tuta moja lilibaki, na lilikuwa limebeba mifugo ya matuta manne. Huko juu nyumbani alimsikia mjukuu wake akilia kilio chembamba, cha mtoto aliyeanza kuchoka kulia.

Kesho yake ilikuwa siku ya msaragambo wa kuzoa tope la ndiva. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, na huko Ighumbi uliitwa kwa pembe. Mzee Kilave, mtunza pembe, alipanda juu ya jiwe asubuhi akapuliza mara tatu. Kila aliyesikia aliacha alichokuwa anakifanya. Aliyekuwa anakula alitema. Hata Kajiru, ambaye kwa kawaida kumwinua kitandani kulihitaji watu wawili, alitoka akifunga nguo yake njiani.

Sheria za msaragambo zilikuwa chache na hakuna aliyezivunja. Anayekunywa maji ya ndiva akiitwa lazima aje. Mipaka ya kazi huchorwa kwa jivu, na hakuna kuvuka jivu. Watu husimama kwenye mstari, wanaokwenda na tope upande huu, wanaorudi mikono mitupu upande ule, na hakuna kumpita mwenzako bila kumsalimu. Aliyeita kazi ndiye anayelisha. Na hakuna anayeondoka mpaka yule yule aliyeita aseme kwa kinywa chake: kazi imekwisha, rudini kwenu.

Nakijwa alibeba tope pamoja na wenzake. Alikuwa anasalimu na kusalimiwa, lakini akili yake ilikuwa kwenye tuta la nne. Ndipo alipowaona sisimizi. Walikuwa ukingoni mwa mfereji, wamezagaa kama kawaida yao, wameinamisha vichwa. Walikuwa wanakunywa maji.

Alisimama ghafla, na Kajiru aliyekuwa nyuma yake akamgonga kwa kapu la tope.

"Shemeji, mstari," alisema Kajiru.

"Ndiyo," alisema Nakijwa, na sauti yake ikawa imerudi. "Mstari."

Kazi ilipokwisha na watu wakaachiwa, alimfuata Mzee Kilave, akapiga goti, akaomba kuazimwa pembe.

"Kesho nitaita msaragambo wangu," alisema.

Mzee Kilave alimtazama. Pembe hiyo haikuwahi kupulizwa na mwanamke. "Utamwita nani, Mama Sekiete? Watu wote wametoka hapa sasa hivi na migongo inawauma."

"Nitawaita ambao hawajawahi kuitwa. Wanakunywa maji ya ndiva siku zote na tope hawajawahi kuzoa."

Alipomweleza ni akina nani, mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akafikiri, akaifuta pembe kwa kiganja na kumpa. "Sheria ni sheria," alisema. "Ukiita, utawalisha. Na kazi ikiisha usisahau kuwaachia. Mimi siwezi kukuachilia watu uliowaita wewe."

"Siwezi kusahau jambo kama hilo," alisema Nakijwa.

Asubuhi iliyofuata alisimama nje ya bustani yake, karibu na uwanja wa kupuria ulezi. Hapo uwanjani palikuwa na lundo kubwa la makapi yenye punje nyingi ndani yake. Nakijwa alikuwa pia amekwangua ukoko wa uji kwenye chungu na kuutandaza juu ya jani la mgomba. Alijaza kifua, akapuliza. Pembe ilitoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa. Alipuliza tena, ikawa afadhali. Mara ya tatu mlio ulipanda mlimani ukarudi.

Kwenye tuta la nne sisimizi wote walisimama.

Sisimizi mmoja mkubwa, bibi kizee wao, alipanda juu ya ncha ya jani lililoinama. "Ni nani huyo anayetupigia kelele wakati wa kukamua?" aliuliza.

"Ni Nakijwa, mwenye bustani. Mmeitwa msaragambo."

"Sisi hatuitwi. Sisi tuna mifugo yetu."

"Bibi, nisamehe nikuulize. Maji mnayokunywa ni ya wapi?"

"Ya mfereji."

"Na mfereji unatoka wapi?"

Bibi kizee wa sisimizi aliutazama mfereji, akautazama ukipanda hadi kwenye ndiva, akawatazama wenzake. Nao walikuwa wanautazama mfereji.

"Kazi yenyewe ni ipi?" aliuliza mwishowe.

"Lile lundo. Litoeni uwanjani, mlipeleke chini ya ule mwamba, nje ya bustani."

"Na chakula?"

"Mtakachobeba ni chenu chote. Na kila siku nitaleta ukoko wa chungu."

Sisimizi hawakuwa wamewahi kuonja chakula kingine zaidi ya maji matamu ya vidukari. Mmoja mdogo alitelemka haraka, akakimbia hadi kwenye jani la mgomba, akaonja ukoko. Hakurudi kutoa habari. Walimwona tu ameingiza kichwa chote ndani. Basi wakaanza kushuka kwenye mashina, kwanza wachache, kisha wengi, kisha kama mchanga unaomwagika, mpaka tuta la nne likabaki na vidukari peke yao.

Nakijwa alikuwa amejiandaa na kapu la jivu baridi. Sisimizi wa mwisho alipotoka, alilichora jivu kulizunguka tuta lote, mstari mnene kama kamba. Hakuligusisha shinani, kwa sababu jivu likiwa jingi shinani huunguza mizizi, na mizizi ilikuwa imeshateswa vya kutosha. "Huu ni mpaka," aliwaambia sisimizi. "Kazi iko upande wenu."

Kisha akawafundisha mstari, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Sisimizi hawakuelewa. Kila mmoja alifikiri mbele ni pale alipo yeye. Wengine walisimama kwenye mstari na kuanza kuuzunguka, mpaka wa kwanza akawa anamfuata wa mwisho. Kajiru alikuja kutazama, akajikuta amelala kifudifudi chini, anawaelekeza kwa kijiti: wewe huku, wewe kule, mwache apite, sasa msalimie. Kusalimiana kuliwashinda zaidi. Walijua kutumia vipapasio kukamulia tu. Basi wawili walipokutana walipapasana usoni, wakashtuka, wakapapasana tena.

"Kumbe ni wewe," alisema mmoja.

"Ni mimi," alisema mwenzake. "Na wewe ni nani?"

Kufikia jua kuwa kali, mstari ulikuwa umenyooka kutoka uwanjani hadi mwambani, waliobeba upande huu, waliotua mizigo upande ule, na kila walipokutana walisimama kidogo wakasalimiana.

Nakijwa hakukaa kuwatazama. Aliingia ndani ya mpaka wa jivu na kibuyu cha maji, akainama kwenye mche wa kwanza. Aliinua jani, akamwaga maji taratibu upande wa chini, akawapangusa vidukari kwa kidole. Jani baada ya jani, mche baada ya mche. Hakung'oa kitu na hakumwaga chochote cha moto. Mgongo ulimuuma, na alikuwa anaimba.

Mchana alipopumzika aliona jambo jingine. Wadudu wadogo wa mviringo, wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, walikuwa wanatua kwenye mnavu mmoja mmoja. Miaka yote sisimizi walikuwa wanawafukuza, kwa kuwa wadudu hao hula vidukari. Sasa hapakuwa na wa kuwafukuza. Waliwala vidukari aliowakosa Nakijwa, wakapanda jani lililofuata, wakaendelea. Jioni ile alipata kikapu kimoja cha majani mazima, na Nambike akanywa chungu chake cha kwanza.

Siku zilikwenda. Mnavu ulianza kujikunjua. Majani mapya yalichomoza mapana na ya kijani iliyokolea. Nambike alikunywa vyungu viwili, kisha vitatu. Kila mara alipomaliza alijitazama kifuani, kisha akamtazama mama mkwe wake, na Nakijwa alisema, "Kunywa tu, mwanangu. Hata ng'ombe humngoja mtu mwenye subira." Lakini usoni kwake subira haikuwepo. Kila asubuhi alipeleka ukoko kwa sisimizi, na kila asubuhi lundo lilikuwa limepungua, na siku ya soko ilikuwa imesogea.

Siku ya soko ikafika, na maziwa bado. Naetwe alimnyonyesha mtoto kwa mara ya mwisho, akafunga mzigo wake, akaenda kuaga nyumba ya pili. Nakijwa alishindwa kukaa ndani. Alishuka bustanini na ukoko wake, akasimama kando ya mwamba akitazama tu.

Bibi kizee wa sisimizi alikuja akipita kando ya mstari. Alikuwa amechoka, lakini alikuwa anasalimu kila aliyekutana naye kwa jina.

"Mwenye kazi," alisema, "ile ndiyo punje ya mwisho. Uwanja ni mweupe. Tuachie."

Nakijwa alitazama. Kweli, uwanja ulikuwa safi kama umefagiliwa. Aliwashukuru, akanyoosha mkono, akafungua kinywa kusema yale maneno.

Ndipo vigelegele vilipolia huko juu. Vilikuwa vya Naetwe, na juu ya vigelegele hivyo kulikuwa na sauti ya Kajiru aliyekuwa anatelemka mlima kwa mbio, nguo mkononi, miguu ikimtangulia.

"Shemeji! Yameshuka. Nguo ya Nambike imelowa mpaka kiunoni. Mtoto anakunywa mpaka yanamtokea puani."

Nakijwa alitupa jani la ukoko, akakimbia. Watu waliomwona siku hiyo walisema hawakujua kwamba mwanamke wa umri wake anaweza kuruka mfereji bila kuinama. Alifika nyumbani akamkuta Nambike amekaa kwenye kigoda, anacheka na kulia kwa pamoja, mtoto ameng'ang'ania ziwa na macho ameyafumba, na kidevuni mstari mweupe wa maziwa. Naetwe alikuwa anacheza na mzigo wake kichwani. Alicheza mpaka mlangoni, akacheza njiani, na wanasema alishuka tambarare akiwa bado anacheza.

Ighumbi nzima ilikuja. Walipika, walikula, waliimba mpaka jua likazama. Kajiru alimweleza kila mtu kwamba wazo la kwanza la kuwaondoa sisimizi lilikuwa lake.

Asubuhi Nakijwa alikwenda kurudisha pembe. Mzee Kilave aliipokea kwa mikono miwili, akaitundika ukutani, akauliza, "Na uliwaachia?"

Nakijwa alifunika kinywa chake kwa kiganja.

Walishuka wote, mzee na fimbo yake, Kajiru, na Nambike na mtoto mgongoni, kwa kuwa alikataa kubaki. Waliwakuta sisimizi kwenye mstari. Punje zilikuwa zimekwisha tangu jana, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia kazi imekwisha, kwa hiyo walikuwa wanabeba chochote walichokikuta. Mmoja alibeba ubawa wa nzi. Wawili walisaidiana ua lililokauka. Kundi zima lilikuwa linamkokota panzi aliyekufa, wakipeana maelekezo kama watu wanaoingiza kitanda mlangoni. Na kando yao, ndani ya mpaka wa jivu, mnavu wa tuta la nne ulikuwa umesimama, hauna jani lililojikunja.

Nakijwa aliona aibu. Alijua kwamba akiyasema maneno yale, sisimizi watarudi kufuga juu ya mboga. Alijua pia kwamba aliahidi. Alimtazama mkwewe.

"Mama," alisema Nambike, ambaye huongea mara chache, "waulize wenyewe."

Nakijwa alipiga magoti, akamwomba radhi bibi kizee wa sisimizi, akamweleza sababu ya kukimbia. Bibi kizee alimsikiliza, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake, amenenepa mashavu kwa siku moja tu.

"Maziwa nayajua," alisema. "Ningekuwa wewe ningekimbia vile vile."

"Basi niwaachie sasa?"

Bibi kizee aligeuka akautazama mstari. Wawili walikuwa wamesimama katikati ya njia, wanasalimiana kwa kirefu, na waliokuwa nyuma yao wanawasukuma. "Miaka yote nimeishi," alisema, "sikumjua hata wa shimo langu. Sasa nimesalimiana na kila mtu, na jana nimegundua nina dada. Usiseme leo. Tuletee ukoko, nasi hatutavuka jivu lako. Utasema kesho."

Kesho yake Nakijwa alikuja tena kuuliza, akaambiwa kesho. Alikuja kila asubuhi na ukoko wake, na jibu likawa hilo hilo, mpaka yeye na bibi kizee wa sisimizi wakawa wanacheka kabla ya swali. Akazeeka akiwa anauliza. Mjukuu wake alikua, akaolewa, akapata mtoto, na maziwa yake yakashuka siku ya pili. Nakijwa akafa hajayasema maneno yale, na hakuna mwingine anayeweza kuyasema, kwa sababu aliyewaita ndiye tu anayeweza kuwaachia.

Hapo Bibi Nanzia alitikisa ungo, akapeperusha majani mabovu, akatuonyesha kwa kidevu pembeni mwa bustani yake. Sisimizi walikuwa wanapita huko, mstari mmoja kwenda na mmoja kurudi, nje ya jivu.

Tangu asubuhi ile ya Ighumbi mpaka hii ya leo, ndivyo walivyo. Ndiyo maana mwanamke wa kwetu hamwagii sisimizi maji ya moto wala hachimbui mboga zake. Huzungusha jivu bila kugusa mashina, huosha majani kwa upande wa chini, na ukoko wa chungu huutupa nje ya mpaka. Mvua ikilisomba jivu, sisimizi huingia bustanini. Hawaji kwa ubaya. Wanamtafuta mwenye kazi. Wewe chora jivu upya, watatoka.

Na ukiwainamia kwa karibu utawaona wawili wakikutana, wakisimama, wakigusana vichwa. Hiyo ndiyo salamu waliyofundishwa na Kajiru. Ila siku hizi wameongeza swali.

"Amesema?" huuliza mmoja.

"Bado," hujibu mwenzake, na wote wawili huenda zao na mizigo yao, wamefurahi.